Migomba Iliyohama na Koti la Kukopa

Walisema sitaweza kusoma sheria. Fundi cherehani wa avenue yetu ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote, mbele ya wateja wake, sindano zikiwa mdomoni: "Droit inaomba kichwa. Huyu mutoto iko na mudomo tu." Chef wa avenue, yaani mkuu wetu wa mtaa, ambaye anapenda kujua mambo kabla hayajatokea, alisema nitafika Uvira, nitaona ziwa lingine, nitadhani safari imekwisha na nitarudi. Wengine hawakujisumbua kutafuta maneno. Walisema tu kwamba mtoto wa mama anayeuza sambaza, vidagaa vya ziwani, ataishia kuuza sambaza. Hata mama mwenyewe aliniuliza kama hiyo droit haiwezi kuisha kwa mwaka mmoja, kama mafunzo ya kushona.

Leo nina ofisi Muhumba, hapa hapa Bukavu, na diploma yangu ya sheria iko ukutani ndani ya kioo. Nimeitundika mahali ambapo mteja hawezi kukaa bila kuitazama. Najua hivyo kwa sababu nilikalia viti vyote mwenyewe kabla ya kupiga msumari.

Nilijisomesha. Nilipalilia mpunga Luberizi mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Nilinunua mananasi Idjwi na kuyauza bandarini Bukavu, nikigombana na kila mwanamke aliyeyabonyeza bila kununua. Nikaenda Lubumbashi, nikakaa huko miaka yote iliyotakiwa na mingine ambayo walimu waligoma, na nikarudi licencié, mtu mwenye shahada. Nasema nilijisomesha na ni kweli tupu, isipokuwa vitu vitatu nilivyokopa siku ya kuondoka. Mjane aliyeishi juu kidogo ya nyumba yetu alinipa sanduku la safari lililokuwa la marehemu mumewe. Chef wa avenue alinipa viatu vyeusi. Na fundi cherehani, yule yule wa sindano mdomoni, alinipa koti. Alinipa kwa hasira, kama mtu anayelipa faini, lakini alinipa. Niliwaahidi wote watatu kwamba nitakaporudi nitawalipa. Hakuna aliyeuliza nitalipa kwa njia gani, na mimi sikusema.

Sasa, mtu asiyeijua Bukavu lazima aelezwe jinsi tulivyojengana. Avenue yetu iko kwenye mteremko, nyumba juu ya nyumba, kama ngazi. Juu kabisa kuna barabara. Chini ya barabara ni kwa chef. Chini ya chef ni kwa fundi. Chini ya fundi ni kwa mjane, na chini ya mjane ni sisi. Anayeoga juu, maji yake yanawasalimu wote walio chini. Na udongo wetu hautulii. Mvua ikinyesha sana unatembea polepole, na wakati mwingine unatembea haraka.

Nilikuwa sijamaliza hata kuwasalimia watu wote tangu nirudi, mvua ikanyesha siku mbili bila kupumzika. Asubuhi ya tatu mama aliniamsha, akiniita kwa cheo changu kipya cha mwanasheria: "Maître, toka inje uone kitu."

Kipande cha chini cha kiwanja cha fundi kilikuwa kimeteremka usiku kwa mjane. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Lakini shina zima la migomba ya fundi lilikuwa limeshuka na udongo wake, bila kuanguka, na sasa lilisimama wima ndani ya jiko la mjane, mikungu ikining'inia, kama wageni waliofika mapema kuliko walivyoalikwa. Mbao za upande mmoja wa jiko zilikuwa zimelala chini. Mkungu mmoja ulikuwa umeingia dirishani.

Mjane alisimama pale akiwa na mwiko mkononi. Jiko hilo ndilo lililomlisha yeye na watoto wake, maana humo alikaanga mikate aliyouza sokoni. Fundi akashuka na panga.

"Maman, nakuja kukata mukungu yangu."

"Yako iko wapi? Miye naona mukungu iko kwa jikoni yangu."

"Migomba ni yangu. Ni miye niliipandaka."

"Basi iite irudie kwako."

Watu walicheka, na fundi hapendi kuchekwa kama yeye siye aliyeanza. Akatazama chini akitafuta neno, na badala ya neno akaona mimea ya mpaka.

Hapa kwetu, kati ya kiwanja na kiwanja wazee walipanda mimea yenye majani marefu kama panga. Mimea hiyo ndiyo mpaka. Hakuna anayeing'oa, hata mlevi, hata mtoto mtundu. Ndugu wanaweza kupigana kwa mawe, lakini watapigana wakiiruka mimea hiyo bila kuikanyaga. Na mimea ya mpaka kati ya fundi na mjane ilikuwa imeshuka pamoja na migomba. Sasa ilisimama kwa mstari mzuri karibu na mlango wa chumba cha kulala cha mjane.

Fundi akauliza kwa upole ambao ulinitisha, "Na mupaka iko wapi?"

 Kila mtu aliyekuwa pale aliona mimea ilikuwa wapi. Kama mpaka ni pale mimea iliposimama, mjane alikuwa amepoteza nusu ya kiwanja chake pamoja na jiko. Nusu iliyobaki ilitosha kitanda tu. Angehama, yeye na watoto wake, akatafute chumba cha kupanga mahali ambapo hakuna atakayemruhusu kuwasha moto wa kukaanga mikate.

Chef alifika akiwa amevaa kofia yake ya mikutano. Akatazama mimea, akakuna shingo. "Siku ya Mungu kisha misa, baraza itakaa kwa veranda yangu," alisema. "Lakini nawaambia sasa, mupaka ni mupaka. Ile mimea hatukuianza siye."

Ni wakati huo nilipopanda juu ya jiwe. Sikualikwa, lakini kulikuwa na jiwe, kulikuwa na watu, na mimi nilikuwa na diploma. Niliwaeleza kwamba sheria si kitu kimoja. Kuna sheria ya umma, inayosimamia Serikali na sisi: barabara, kodi, ruhusa ya kujenga. Kuna sheria ya kiraia, inayosimamia mimi na jirani yangu: mali, ndoa, urithi, deni. Kuna sheria ya jinai, inayomshika mwizi na mwenye kupiga watu. Kuna ya biashara na kuna ya kazi. Na kuna desturi, ambayo mahakama zetu huiheshimu mradi tu isipingane na sheria iliyoandikwa. Nilisema vizuri sana. Nilipofika kwenye sheria ya kazi hata mbuzi wa chef alikuwa ananitazama.

Kosa langu lilikuwa kudhani wananisikiliza ili waelewe. Kila mmoja alikuwa anachagua, kama mtu aliye mbele ya rundo la nguo za mitumba.

"Miye nakamata ile ya jinai," alisema mjane. "Aliingia kwangu na panga."

"Miye nakamata desturi," alisema fundi. "Mengine yote mupe maman, simukatazi."

"Ya umma ni yangu," alisema chef. "Miye njo Serikali hapa."

Mama yangu, aliyekuwa anachambua sambaza pembeni, aliuliza, "Na ile ya kazi? Ju miye nataka kujua nani atanisaidia kazi leo."

Kisha fundi akanigeukia. Alinitazama kuanzia kichwani, akasimama kwenye mabega. "Maître, siku ile ya kutetea kazi yako mbele ya maprofeseri, ulivaa veste ya nani?"

"Yako, tonton."

"Asante. Basi najua utasema kwa upande wa nani."

"Na hiyo veste," alisema mjane, "ilisafiri ndani ya valise ya nani?"

Nilijaribu kuokoa heshima. Nilisema kwamba msomi hasimami upande wowote, na kwamba Jumapili nitakaa kando ya chef kama mwamuzi, bila kumpendelea mtu. Nikawaeleza hata kanuni yenyewe: mtu hawezi kuamua kesi ya mtu anayemdai, na mhusika ana haki ya kumkataa mwamuzi kama huyo. Niliieleza kanuni hiyo kwa ufasaha mkubwa, nikitoa mifano.

"Basi namukataa," alisema fundi. "Iko na valise ya maman."

"Miye pia namukataa," alisema mjane. "Iko na veste ya tonton."

Hivyo ndivyo nilivyokataliwa katika kesi yangu ya kwanza na pande zote mbili, kwa kanuni niliyowafundisha mwenyewe, nikiwa bado juu ya jiwe.

Siku hiyo sikula vizuri. Nilijua chef angeamua kwa mimea, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuamulia. Nilijua pia kwamba mjane angekubali huku akilia. Majirani wanaweza kusema mengi, lakini hakuna anayemwambia chef kwamba mimea inakosea. Mtu mmoja tu kwenye avenue nzima alikuwa na maneno ya kutosha kusema hivyo, na mtu huyo alikuwa amefungwa kwa koti, sanduku na viatu. Nikaamua nitawalipa wote kabla ya baraza, nisimame nikiwa sina kitu cha mtu.

Nilianza kwa mjane. Nilimpelekea sanduku, safi, nimelifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Hakulipokea.

"Mi sikukuomba," alisema.

"Maman, deni yangu imefika mwisho."

"Mutu akikurudishia kitu mbele ya kesi, ni kusema amekuhama. Unaniacha miye na ule fundi?"

Nilimwambia ni kinyume chake, namrudishia ndipo niweze kumsaidia. Alinitazama kama anavyotazama unga wenye wadudu. Niliondoka na sanduku langu. Au lake.

Kwa chef ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alifurahi. "Vaa tu," alisema. "Kila fasi unaenda, ofisi, benki, kanisa, ni kama miye naenda. Batu banaona viatu yangu inasoma."

Mkopeshaji anayekataa kulipwa si jambo geni. Sheria ya kiraia inamjua vizuri. Mdaiwa anakileta kitu mbele ya mashahidi, anakitoa kwa mikono miwili, na mwenye kudai akikataa, kinawekwa mahali pa kuaminika na deni linakufa. Nilipomweleza mama, alisema hajawahi kusikia ujinga kama huo, kisha akavaa kitenge kizuri na kusema yeye atakuwa shahidi.

Jumamosi tulipanda pamoja kwa fundi. Alipotuona na koti, alifunga mlango wa karakana na kuongeza sauti ya redio.

"Tonton, nimekuleteya veste yako."

"Niko na mukiliya," alijibu kutoka ndani, kama mtu mwenye mteja.

"Hakuna mukiliya," mama alisema. "Naona miguu yako tu chini ya mulango."

"Iko anakuja."

Nikazunguka nyuma ili nilipitishe koti dirishani. Mama alibaki mbele kuulinda mlango. Upande wa nyuma ni upande wa juu, unaoelekea kwa chef. Nilipoinua koti, majani marefu yalinipiga usoni. Niliyasukuma, nikayatazama tena. Ilikuwa mimea ya mpaka, ile ya kati ya chef na fundi. Nilikua nikiiona pale juu, mbali, karibu na pipa la maji la chef. Sasa ilisimama karibu na dirisha la karakana. Mteremko mzima ulikuwa umetembea. Chini ulitembea kwa kelele, na watu wote wakakimbilia huko kuona migomba. Huku juu ulitembea kimyakimya, na hakuna aliyegeuza shingo.

Nikageuka nyuma nione kilichobaki upande wa chef wa mstari huo. Kilikuwa choo cha fundi.

Nilishuka koti likiwa bado mkononi. Mama aliniuliza kama ninaumwa.

Jumapili veranda ya chef ilijaa. Watu walitoka misa moja kwa moja, na wengine hawakungoja baraka ya mwisho. Nilifika na sanduku mkononi na koti begani. Mbele ya wote niliweka sanduku mezani, nikakunja koti juu yake, kisha nikainama, nikavua viatu vya chef, nikaviweka kando. Nilisema kwamba vitu hivi vimetolewa kwa wenyewe, wenyewe wamevikataa, shahidi yupo, na sasa viko mikononi mwa baraza. Saruji ya chef ilikuwa na baridi. Mama akavua sandali zake za plastiki za waridi, akanisukumia kwa mguu, na yeye akakalia miguu yake. Nilizivaa. Kisigino changu kilibaki nje.

"Maître," alisema mtu wa nyuma, "hiyo ni sheria ya wapi?"

Walicheka. Nami niliwaacha wamalize, maana Lubumbashi nilijifunza kwamba mtu aliyekwisha kucheka husikiliza vizuri zaidi. Kisha nikauliza kama kuna yeyote anayenikataa. Fundi alitazama koti pale mezani. Lilikuwa lake, na kila mtu alikuwa anaona kwamba ni lake. Hakunikataa. Mjane naye alitazama sanduku lake, akanipungia mkono niendelee.

"Tonton," nilisema, "tuambie sheria yako."

"Si yangu. Ni ya wazee. Mupaka iko pale mimea imesimama."

"Hata kama imetembea?"

"Hata kama imetembea."

"Kwa maman tu, ao kwa batu yote?"

"Batu yote. Si ni weye ulisema kwa jiwe, sheria ni ya wote?"

"Nilisema." Sikukumbuka kama nilisema, lakini lilikuwa jambo zuri na nikalichukua. "Chef, naomba tutembee kidogo."

Tulishuka wote nyuma ya karakana. Niliinua mkono nikawaonyesha mstari wa mimea, dirisha, kisha choo. Sikueleza. Watu wa avenue yetu hawahitaji kuelezwa mambo ya viwanja. Walitazama mimea, wakatazama choo. Kisha chef alianza kutabasamu polepole, mpaka tabasamu likafika kwenye kofia.

"Fundi," alisema, "naona uko na kitu kwa parcelle yangu."

"Chef, ile ni choo yangu."

"Ilikuwa yako. Sasa ukiisikia haja, utapiga hodi kwangu. Mi si mutu mubaya. Mchana nitakufungulia."

Watu walishikana mabega kwa kucheka. Mjane, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu nirudi, alifunika mdomo kwa kitenge. Nilimwacha chef afurahi mpaka mwisho, kisha nikamwomba atazame juu, kwenye kiwanja chake mwenyewe, kule mimea inapokitenga na barabara. Ilikuwa imeshuka mpaka chini ya ngazi ya veranda, na veranda yenyewe imebaki upande wa barabara.

"Barabara ni ya Serikali," nilisema. "Hiyo ndiyo sheria ya umma, ile uliyochagua, chef. Kama mimea imehama na mpaka umehama, basi asubuhi hii baraza ilikaa katikati ya barabara. Na mtu mwenye kujenga veranda kwa barabara, Serikali inamubomolea."

Tabasamu la chef lilirudi lilikotoka.

Nitaeleza hapa kile nilichokielewa pale, maana vitabu havikunieleza vizuri hivyo. Kila mtu kwenye mteremko wetu alikuwa na kanuni nzuri ya kumpa aliye chini yake. Hakuna aliyewahi kuijaribu kanuni yake akitazama juu. Kazi ya sheria, nyingine zote ukiziondoa, ni kumgeuza mtu shingo.

Fundi ndiye aliyesema kwanza, na alilisema kama vile tangu mwanzo hakuwa amesema kitu kingine. "Mimea si miguu ya mupaka. Mupaka iko pale bazee baliiweka. Udongo ikitembea, tunairudisha."

"Njo vile nilikuwa nataka kusema," alisema chef.

Tulipima kuanzia nguzo ya umeme ya saruji, ambayo haijawahi kusogea wala, kwa kweli, kuleta umeme. Fundi alitoa utepe wake wa kupimia nguo, na kila ulipokwisha tuliushika kwa kidole tukaanza tena. Jirani wazee walikumbuka jiwe hili na shina lile, wakabishana, wakakubaliana. Kisha desturi ikachukua nafasi yake. Mimea ya mpaka hairudishwi na mtu mmoja, lazima jirani wawili waishike pamoja, na mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, upite. Fundi na mjane waliibeba shina kwa shina, wakaipanda mahali pake, bila kutazamana usoni lakini bila kuangusha hata moja.

Ilibaki migomba. Nilisema mvua haina kosa la kushtakiwa, lakini migomba ina mwenyewe, na mwenyewe aiondoe na kusimamisha mbao za jiko. Fundi alikubali haraka, bado alikuwa anawaza choo. Mjane alimwambia achukue mikungu yote isipokuwa ule ulioingia dirishani. "Ule ulipiga hodi," alisema.

Tulirudi verandani jua likiwa limeshuka. Mjane alichukua sanduku lake, akalifungua, akalikung'uta kama kuna kitu nimesahau ndani, akalifunga. Chef alivaa viatu vyake hapo hapo, akatembea hatua chache akilalamika kwamba nimevipanua. Fundi aliligeuza koti ndani nje, akakagua mishono yote, akanusa kwapa, akalikunja mara mbili na kuliweka chini ya mkono.

Nilisimama mbele yao bila koti, bila sanduku, bila viatu na bila deni. Nikainua kichwa. Nilikuwa natafuta maneno mazuri ya kufunga baraza, na nilikuwa nayo karibu kinywani, mama aliponivuta shati.

"Maître," alisema, "sandales zangu. Jioni niko na soko."

Nikazivua, nikampa kwa mikono miwili mbele ya mashahidi, na tukateremka nyumbani kwenye matope, yeye mbele.